Foleni Chini ya Nyangumi

Kila mwaka Marlys Hegstad alikwenda Chicago kuuza mikanda ya kupandishia nafaka maghalani, na Chicago aliyoijua ilikuwa mazulia ya hoteli, kahawa ya bure na ukumbi wa maonyesho usio na dirisha hata moja. Safari hii miguu ilikuwa imemvimba, sauti imemkauka kwa kusifia mpira wa mikanda yake, na mteja wake mkubwa, Duane Kubicek wa Nebraska, kutwa alikuwa akimpiga chenga. Ofisini walishamwambia wazi: Kubicek asiposaini, wateja wako wote anapewa mwingine. Yeye na Kubicek waliahidiana kuonana saa kumi, mapokezi ya hoteli.

Saa nane Marlys akatoroka. "Nachungulia tu," alijiambia kwenye teksi.

Alitaka kuona kitu kimoja kwenye makumbusho ya mji, mifupa ya nyangumi. Kwao Dakota Kaskazini bahari huonekana kwenye kalenda, na watu wa huko si wa kupagawa ovyo. Bibi harusi apendeze vipi, mavuno yajae vipi, utaambiwa "si mbaya", na hapo umesifiwa mpaka basi. Alipojifungua mapacha, mumewe alichungulia kitandani akasema si mbaya, akaenda kulisha ng'ombe.

Sasa akaingia ukumbini, akainua macho, akasahau kufunga mdomo.

Mnyama alining'inia kutoka darini, mkia upande huu, na huko mbele akapotelea kwenye mwanga wa madirisha. Ubavu wake mmoja ungetosha kuwa boriti ya ghala. "Jamani," Marlys akasema kwa sauti. "Jamani, jamani!" Machozi yakamtoka, wala hakujua ni ya nini. Dubwana hili liliwahi kupumua! Lilinyonya, lilisinzia, lilikuwa na mama. Na yeye miaka yote hiyo alikuwa akipita mitaa michache tu kutoka hapa, akikimbilia vikao. Akakasirika, lakini hasira nayo haikukaa. Alipofika chini ya mbavu akaketi sakafuni na suti yake ya kazi, beji ya maonyesho shingoni, akatazama.

Simu ikalia. Kubicek! Saa kumi ilikuwa imeshapita zamani.

"Bwana Kubicek, nisamehe sana, nimekwama kwenye foleni. Magari hayasogei kabisa."

"Usijali, dada. Hata mimi niko foleni. Mji huu una wazimu."

Hapo kipaza sauti kikatangaza kwamba makumbusho yanakaribia kufungwa. Marlys alilisikia tangazo kwa masikio yote mawili, moja kutoka darini, jingine kutoka kwenye simu.

Akageuka taratibu. Kule mkiani alisimama mwanamume mnene, simu sikioni, beji kama yake shingoni, uso umemwiva kwa aibu. Akaja, akipita chini ya uti wa mgongo wote ule.

"Foleni mbaya," akasema.

"Haijawahi kutokea."

Kubicek hakucheka. "Dada Marlys, jana nilisaini na wale washindani wenu wa Ohio. Bei yao nilishindwa kuikataa. Nimekuja huku kukukwepa, halafu nikainua macho. Nimekudanganya kwenye simu, nikajiona mjinga mbele ya mnyama huyu."

 Marlys aliwaza ofisi, aliwaza wateja aliowajua mpaka majina ya mbwa wao. Iliuma, tena iliuma sana.

"Haya, wazee wangu, tunafunga," mlinzi akaita. "Huyo haendi popote, kesho mtamkuta."

"Mimi hatanikuta, kesho naondoka," Marlys akajibu.

Kubicek akamshika kiwiko. "Twende basi nikakununulie chakula, nikueleze vizuri ilivyokuwa."

"Utanieleza njiani." Akauondoa mkono wake polepole, macho yangali juu. "Sasa hivi nipishe, Duane. Kichwa sijakiona."