Nilifungua Kizibo cha Chini Kwanza

Kosa ni langu, na nalisema kabla hujaniuliza. Nilikuwa mjinga, na ujinga wangu ulikuwa na kiburi, na ujinga huo ndio mbaya kuliko wote. Usinionee huruma. Soma tu.

Nina gari la abiria, bodi la mbao, nikienda nalo Kengeja na Chake Chake kila siku. Miaka yote likitazamwa na Fundi Hamadi wa Madungu, hapa Chake Chake, jirani yangu niliyesoma naye chuo kimoja cha Kurani. Kisha zikaja siasa hizi za uchaguzi, yeye akawa upande wake na mimi wangu. Unajua mwenyewe yalivyo sasa hapa Pemba: duka la wale hatununui, gari la wale hatupandi, maziko yao hatuendi. Mamake Hamadi alipofariki, ukuta kwa ukuta na mimi, sikwenda. Nilikaa barazani na wenzangu, wakanisifu kwa msimamo wangu. Msimamo! Mtu ameshindwa kuvuka uchochoro kumzika mama aliyemlisha utotoni.

Mwezi uliopita gia ya pili ikaanza kusaga. Mwenye akili angejua mafuta ya giaboksi yamepungua au yamechoka, ampelekee fundi. Barazani nikaambiwa, "Utampa yule gari yako? Atakutilia mchanga." Nikacheka nao, nami najua vyema Hamadi hawezi kutia mchanga hata gari la shetani. Nikasema kubadilisha mafuta ni kazi gani, nitabadilisha mwenyewe.

Nikaingia uvunguni, nikafungua kizibo cha chini. Mafuta yakamwagika meusi, yana chembe za chuma na harufu ya kuungua. Nikajiona fundi. Kisha nikaenda kwenye kizibo cha ubavuni, pa kujazia. Hakikusogea. Nikakaza spana, ikateleza, pembe za kizibo zikalika mpaka kikawa duara. Giaboksi tupu, na pa kutilia mafuta pamezibwa!

Siku ya pili mabingwa wa barazani wakaja kuchungulia, wamekunja kanzu zisichafuke. Kila mmoja alikuwa na ushauri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika spana. Nyundo ya Hamadi naisikia pale pale jirani. Sikumwita.

Alasiri ile akaja mtu wa baskeli kutoka Kengeja. Mama yangu kifua kimembana, na asubuhi atapanda gari la kwanza aje hospitali. Gari la kwanza ni la wale. Nikamwambia, "Mwambie asipande. Namfuata mwenyewe."

Asubuhi nikalitia moto gari lile lile. Nilijidanganya kuwa meno ya gia bado yamepakaa mafuta kidogo, yatanifikisha. Kabla ya Mtambile giaboksi ikalia, ikatoa moshi, ikashika. Gari likasimama katikati ya njia.

Hapo likatokea gari la wale, linatoka Kengeja. Dereva akasimama.

"Bi mkubwa wako nlimsimamia mlangoni," akaniambia. "Kakataa kupanda. Kasema, mwanangu yuaja mwenyewe." Akautazama moshi. "N'geuze, tukamtwae?"

Abiria wote walikuwa wananitazama. Nikamjibu, "Nenda zako." Ndivyo nilivyosema, mimi, mtoto wa kiume wa pekee wa mama yule.

Nikaenda kwa miguu. Nilipofika adhuhuri nilimkuta ameshafunikwa. Dada yangu akaniambia kuwa mama alivaa buibui tangu alfajiri, akakaa kitandani, na kila akisikia mngurumo akisema, "Huyo yuaja."

Tukamzika alasiri. Wenzangu wa barazani walikuja, wakamwona Hamadi yumo kaburini, anampokea mama yangu kwa mikono miwili. Wakasimama mbali, njiani, wasichanganyike naye. Nikawatazama wanaume wazima wale wanaogopa kusimama karibu na jirani, nikaona nilivyokuwa nikionekana mimi siku zote.

Baada ya maziko Hamadi akafuatana nami mpaka lilipo gari. Akalala chini, akakigonga kizibo kwa tindo na nyundo. Kikafunguka kabla sijamaliza kumwomba radhi. Akanionyesha kuwa hata kifuniko cha mkono wa gia kingefunguliwa, mafuta yakamiminwa kwa juu. Nimeendesha gari miaka kumi, sikulijua hilo.

"Cha kujazia nd'o cha mwanzo, yakhe," akasema. "Kikikataa, cha chini hukigusi. Wamwita ntu."

Juu ya mama yangu hakusema zaidi ya kumwombea. Juu ya mamake hakusema kabisa, na bora angenitukana.

Basi wewe mwenye gari, fungua cha kujazia kwanza, tia kidole, mafuta yawe yamefika ukingoni mwa tundu. Na wewe unayesifiwa barazani leo kwa kutomzika jirani, watazame vizuri hao wanaokusifu. Siku yako watakuja, na watasimama njiani.

Giaboksi yangu imekufa. Kila Ijumaa nikienda kumsomea mama napanda gari la wale. Dereva hunisogezea nafasi mbele, na tukifika mlangoni kwa mama husimama mwenyewe, bila kuambiwa.