Sindano ya Mke Wangu Niliificha Chini ya Sambaza

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa, ili usihangaike kutafuta mwingine wa kumlaumu ukiwa unasoma. Si daktari, si mama yangu, wala si mke wangu, ingawa yeye ndiye aliyelibeba kwa miezi minane.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kamembe, Rwanda, mpakani na Kongo. Nina mashine mbili, pasi ya mkaa, na wateja wanaonisifu kwamba sina maneno mengi. Laiti wangejua ukimya wangu umeharibu nini!

Mke wangu nilimwoa kutoka Bukavu, ng'ambo ya daraja, miaka saba iliyopita. Ni muuza vitenge. Kila asubuhi alivuka mpaka na mzigo wake, jioni akarudi. Watoto hawakuja. Tulipopimwa, yeye alikutwa mzima. Mbegu zangu ndizo zilizokutwa chache na dhaifu. Daktari wa Kigali akasema njia iliyobaki ni kumchoma mke wangu sindano hadi mayai yake yakue mengi kwa pamoja, kuyatoa, kisha kuyakutanisha na mbegu zangu maabara.

Angalia hapo. Ugonjwa wangu, sindano zake.

Nikamwomba asimwambie mtu, hasa mama yangu. Mama anaishi Gashonga kwa kaka yangu, na miaka yote saba aliamini shida ni ya mke wangu. Sikuwahi kumsahihisha. Mke wangu alisema mara nyingi tumwambie ukweli tupumzike, nami nikajibu tusubiri mimba kwanza. Nilitaka kufa na tai shingoni.

Tulinunua friji ndogo kwa ajili ya dawa. Mimi ndiye niliyekuwa namchoma, kila jioni, chini ya kitovu. Siku kumi na moja. Tumbo likavimba, akawa anatembea ameshika ukuta, analala mchana, akinusa tu mafuta ya kukaangia anatapika. Mzigo wa vitenge akauacha. Hakulalamika hata siku moja, na mimi nilichukulia hilo kuwa jambo la kawaida.

Ikabaki sindano moja, ile ya kukomaza mayai. Muuguzi alituonya sisi wawili tukiwa tumekaa mbele yake: iwekwe kwenye baridi, lakini isigande hata kidogo. Ichomwe Jumatatu saa mbili kamili usiku, ili Jumatano asubuhi mayai yatolewe. Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri.

Jumapili mama akapiga simu. Yuko kwenye pikipiki, amekaribia, anakuja kutusalimia.

Kwetu, mama akifika kwa mwanawe haketi sebuleni kama mgeni. Anaingia moja kwa moja jikoni, anafunua masufuria, anafungua friji aone mwanawe anakula nini. Huwezi kumwambia mama yako asifungue. Na akiona sindano atauliza, na akiuliza itabidi ajibiwe.

Mke wangu alikuwa amelala. Sikumwamsha. Nikatoa ile sindano, nikaitia kwenye bahasha ya khaki, nikaenda kwa Maman Furaha, mama wa kisiwa cha Nkombo anayeuza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, jirani na kibanda changu. Ana friza kubwa. Nilimwambia ni kitu cha mteja. Akaniambia nitafute nafasi mwenyewe, mikono yake imejaa samaki. Nikaisukuma chini kabisa, katikati ya sambaza, wateja wake wasiione.

Nilikumbuka onyo la muuguzi, sitadanganya. Nikajiambia ni kwa muda mfupi tu, mama akishakunywa chai nitaifuata.

Mama akalala kwetu. Asubuhi akataka kupika yeye, ugali na sombe, yaani kisamvu, ili mkwewe, niliyemwambia ana tumbo bovu, apumzike. Akafungua friji mara ngapi sijui. Aliondoka Jumatatu alasiri. Nikakimbia kwa Maman Furaha, nikachimbua sambaza. Bahasha ilikuwa imekakamaa kama ubao, na dawa ndani yake imekuwa barafu.

Nikaiweka kwapani. Jamani, mtu mzima, fundi anayeheshimika, nimesimama nyuma ya kibanda na dawa ya mke wangu kwapani! Ikayeyuka polepole. Nikaiinua juani nikaitazama. Maji safi, sikuona tofauti yoyote. Nikajiambia dawa ni dawa tu.

Namba ya muuguzi ilikuwa kwenye simu yangu. Ningepiga, pengine wangesogeza siku, wangetutumia nyingine kwa basi. Lakini ningelazimika kumweleza mke wangu kwa nini niliitoa kwenye friji, na yeye ndiye aliyesema tangu mwanzo tumwambie mama. Nilikaa na simu mkononi hadi magharibi. Sikupiga.

Saa mbili kamili nikamchoma. Alifumba macho, akasema Bismillahi. Nilipomaliza akanishika mkono.

"Aksanti, Papa. Nimekuchokesha," akasema, Papa kama wanawake wa Bukavu wanavyowaita waume zao.

Jumanne tukapanda basi la Kigali. Barabara ya msitu wa Nyungwe ina kona nyingi, na kila kona nilimwona akiuma mdomo, amelikumbatia tumbo lake. Abiria mmoja akampisha kiti cha mbele akidhani ni mjamzito. Mke wangu alifurahi kudhaniwa hivyo.

Jumatano akaingizwa chumbani. Mimi nikapelekwa kutoa mbegu zangu kwenye chumba kidogo chenye kiti kimoja. Hilo nililifanya vizuri, sijui nicheke au nilie. Niliporudi, daktari akaniita kando ya kitanda. Alisema kwa upole kwamba kwenye picha walikuwa wameona vifuko kumi na viwili vya mayai. Walivuta maji ya kila kifuko, wakatafuta kwa darubini. Hawakupata yai hata moja.

Akauliza sindano ya mwisho ilichomwa saa ngapi, na ilitunzwa vipi. Nilifungua mdomo. Mke wangu, midomo imekauka, dawa ya usingizi haijamwisha, akanitangulia.

"Ni yeye anachungaka dawa, Docteur. Hawezi kosea."

Nikatikisa kichwa kukubali. Daktari akaandika.

Basi kama ni hivyo, akasema, huenda mwili wa mke wangu hautoi mayai yaliyo tayari. Akaeleza kwamba wanawake wengine husaidiwa kwa mayai ya mwanamke mwingine. Sisi ni Waislamu, mlango huo kwetu umefungwa. Mke wangu aligeukia ukutani, na tangu siku ile sikumwona tena yule niliyemwoa.

Miezi minane! Hakurudi mpakani. Kwenye akika ya mtoto wa jirani alikataa kumpakata, akasema mikono yake haina baraka. Alipika, akafua, akasali, akakaa. Siku moja akaniambia nioe mwingine, na chakula cha harusi atapika yeye. Nikamwambia aache maneno hayo. Nilimfariji, unanisikia? Nilimpikia uji, nikamwambia hii ni mipango ya Mungu. Nilimsingizia Mungu jambo nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Ungeuliza kwa nini sikusema. Kila siku niliyonyamaza iliongeza deni la kueleza. Mwezi wa kwanza ningeeleza sindano tu. Mwezi wa nne ningeeleza na ule uji. Nilichoka, lakini kuchoka kwangu kulikuwa kwa mwizi anayekimbia, si kama kwake.

Kisha mama akanipigia kutoka Gashonga. Mke wangu alikuwa amekwenda kwake bila kuniaga, akapiga magoti, akamwomba msamaha kwa kutomletea wajukuu. Akasema amepimwa Kigali, hana mayai. La kwangu hakulitaja. Hata pale, kwenye magoti, alinifunika. Mama akasema amemhurumia sana, lakini ameshanitafutia msichana wa kuoa.

Niliweka pasi kando. Nikampigia muuguzi, bila kutaja jina, nikamuuliza dawa ile ikiganda inakuwaje. Akajibu kwamba imeharibika, inatupwa, haichomwi kabisa, maana mayai yasipokomazwa hayabanduki kwenye vifuko.

Mchana mke wangu aliponiletea chakula kibandani, nilifunga mlango nikamweleza yote. Mama, bahasha, sambaza, kwapa, simu niliyoishika bila kupiga. Nilidhani atapiga kelele. Aliketi kwenye benchi la wateja, akaweka mikono yote miwili tumboni.

"Ni kusema mayai yangu ilikuwa mule?"

"Ilikuwa mule," nikamjibu.

Akalia. Nakuapia, mwanzoni alilia kwa furaha. Uso wake ulifunguka, akawa anarudia maneno yale yale chini chini, ilikuwa mule, ilikuwa mule, na mimi kwa upumbavu wangu nikadhani nimeokoka. Akajifuta kwa kitenge, akanigeukia.

"Ile barafu nakusamehe. Muntu anaweza kosea," akasema. "Lakini miezi munane, ulikuwa unaniangalia tu."

Aliinuka, akafungua mlango, akatoka.

Jioni hiyo hiyo akavuka daraja kwenda kwa dada yake. Aliacha vitenge vyake kabatini, na kwa wiki mbili nilijipa moyo kwamba mtu asiyechukua vitu vyake anarudi. Kisha dada yake akaja na kuvibeba vyote, akanisalimia kwa heshima kama anavyosalimiwa fundi yeyote.

Mama nimemwambia. Nilikwenda Gashonga, nikamweleza kwa kinywa changu kwamba shida ilikuwa yangu tangu mwanzo. Alikuwa anamenya ndizi. Aliendelea kumenya hadi zikaisha, akanawa mikono.

"Ule mutoto wa watu alipiga magoti mbele yangu," akasema.

Ya yule msichana hakuyataja tena.

Ndugu yangu unayesoma, kama wewe na mwenzako mko kwenye sindano hizi, najua mmechoka, na mimi sikuja kukuongezea mzigo. Lakini mwanamume, kama tatizo ni lako, litaje kwa watu wako kabla hujamchoma mwenzako sindano ya kwanza. Dawa ikiharibika mikononi mwako, piga simu saa ile ile. Acha wakasirike, acha wakudharau, sindano nyingine itapatikana. Na kama umeshanyamaza, hata kama ni mwaka, nenda ukaseme leo, kabla hajakwenda kumpigia mtu magoti kwa kosa lako.

Nimemtumia ujumbe mara nyingi. Alijibu mmoja tu, akaniuliza nimemwambia mama au bado. Nikamjibu nimemwambia. Hajaandika tena.

Friji bado naiwasha. Mama akija anaingia jikoni kama kawaida yake, anaifungua, anatazama ndani, anaifunga. Siku hizi haniulizi kitu.