Darasa Lililojipunguza

Picha ilipigwa Jumatatu, nami nilifukuzwa Alhamisi. Ndiyo maana nimo ndani ya picha. Tumesimama mbele ya mlango wa shule ya walimu ya misheni, kaptura nyeupe, mikono nyuma. Nimetuhesabu nikianzia kushoto, nikatuhesabu nikianzia kulia: kumi na mmoja. Diploma zilizotoka zilikuwa kumi.

Hesabu hiyo tuliijua watu wawili tu, mimi na padri mkuu. Kila mwezi shule ilimpa mwanafunzi kipande cha sabuni, na wenzangu walisumbuliwa na njaa kuliko uchafu. Nikawa nachukua sabuni zao, nawaletea karanga na mihogo kutoka kwa kina mama wa sokoni Kasongo, na kati ya sabuni na karanga kulikuwa na nafasi ndogo ya faida ambayo niliikalia mimi. Siku moja wenzangu wakiwa kwenye mazoezi ya nyimbo, padri aliinua mkeka wangu. Akahesabu vipande kumi na vinane. Nikamwambia ni kumi na tisa, kimoja kimeteleza upande wa ukuta. Nadhani kilichonifukuzisha si sabuni, ni kule kumsahihisha.

Kwa huruma, au kwa kuogopa shule isisemwe vibaya, aliwaambia wenzangu nimeitwa msibani. Mpaka leo sijui ni nani wa ukoo wangu aliyekufa siku ile. Diploma zenyewe zilitoka miezi kadhaa baadaye, kila mtu akapelekewa kwao, kwa hiyo hakuna aliyeona mkono wangu ukibaki mtupu.

Kisha nikaenda kuposa. Baba mkwe wangu hasomi, lakini anaheshimu kusoma kama mtu anavyoheshimu mto asioweza kuuogelea. Alikwisha kumkataa mchumba mmoja kwa sababu hakumaliza shule. Nilipofika nikamwekea ile picha mkononi. Akaishika kwa mikono miwili, akanitafuta, akanipata, akasema, "Njo huyu," yaani ndiye huyu. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa diploma. Mimi sikusema neno, na sikusema neno kwa miaka ishirini na saba. Picha akaitundika ukutani kwake, si kwangu. Mtaa mzima ukaniita mwalimu, mimi muuza mafuta ya mawese na vitambaa.

Sasa fikiria nilivyosikia siku padri yule yule alipotuma mtu kuniita.

Nilimkuta barazani, amezeeka, ndevu zimekuwa nyeupe, miwani imefungwa uzi. Akaniambia anarudi kwao Ulaya asije tena, na kabla ya kuondoka anataka kujua darasa lake la kwanza limeishia wapi. Ameandaa karatasi, kila mmoja ajaze, naye atazisoma mbele ya watu Jumapili baada ya Misa.

"Kwa nini mimi ndiye nizipeleke, padri?"

"Wewe una baiskeli. Na unahesabu."

Sikupenda hilo neno la pili. Mtu aliyekufukuza hakuiti baada ya miaka ishirini na saba kwa sababu ya baiskeli. Nikapokea karatasi, nikazihesabu mara mbili: saba. Darasani tulikuwa kumi na mmoja. Watatu wamekufa, mmoja alishuka na mto, miaka mingi hatuna habari zake. Saba ni sawa, pamoja na mimi. Nilipofika njiani nikasoma maswali. Yalikuwa manne, na kila moja lina namba. Unafanya kazi gani. Una mke na watoto wangapi. Una mali gani. La nne: ulipata diploma yako kwa alama gani. Nikalisoma lile la nne nikiwa nimesimama kando ya barabara, mguu mmoja chini. Nikajiambia, huu ni mtego, na mimi mwenyewe ndiye ninayeubeba.

Nilianzia Nyangwe. Mwenzetu wa kule alioa kwa waungwana wa mjini, nikamkuta kwenye kingo za mto Lualaba amevaa kanzu na kofia, anasimamia upakiaji. Mitumbwi saba, mmoja mpya kabisa, unanukia mti. Alifurahi kuniona mpaka nilipotoa karatasi.

"Nani alikutuma?"

"Padri yetu."

"Padri anaulizaka kwa mudomo. Hii iko na namba."

Na hapo lazima niseme jambo ambalo mgeni wa kwetu hataelewa. Karatasi yenye maswali yaliyopewa namba ina baba mmoja tu, naye ni Leta, yaani Serikali. Ilipokuja kuuliza wanaume wazima wangapi, baada yake ilikuja kamba ya kupimia mashamba ya pamba ya lazima. Ilipokuja kuuliza nyumba ngapi, baada yake ilikuja kodi. Tulijifunza bila mwalimu: ukiulizwa kwa mdomo, jisifu, ukiulizwa kwa karatasi, jipunguze.

Akachukua kalamu, akaandika taratibu, mwandiko bado mzuri: *Nina mtumbwi mmoja. Unavuja.*

"Ndugu," nikamwambia, "miye nimeona saba."

"Umeona ya watu."

"Na yule mutu anayekuuliza wapaki wapi, naye ni wa watu?"

"Weye ulikuja kuleta karatasi ao kuhesabu?" Kisha akanitazama kwa jicho la pembeni. "Na yako umeandika nini?"

"Bado," nikasema.

Kutoka pale nikaelekea upande wa Kabambare. Kule kijijini Wamaza nilimkuta yule aliyekuwa akikaa nami benchi moja. Alifundisha miaka miwili, akaacha, akalima, na sasa ghala zake ni nne. Nilizihesabu kwenda na nikazihesabu kurudi. Wanawake wawili walituletea bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo, mmoja ana mtoto mgongoni. Mwenzangu aliandika kwamba analima kidogo, mavuno ni mabaya, ana mke mmoja.

"Na huyu mwenye mutoto?"

"Dada yangu."

Mtoto aligeuka. Alikuwa na masikio ya mwenzangu, yale yale tuliyokuwa tukimcheka darasani.

"Amefanana na mujomba wake sana," nikasema.

"Damu," akajibu, uso mkavu. "Andika na dada basi, padri asiseme nimemuficha."

Mwenzetu wa tatu, karani wa machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila, hakunikaribisha ndani. Nilisikia gramafoni ikiimba nyuma ya mlango, na mlango wenyewe ulikuwa wa mbao zilizopigwa randa, kwenye nyumba ya matofali. Aliandika mstari mmoja: *Ninaishi kwa neema ya Mungu.* Kwenye mali akapiga mstari. Akanirudishia karatasi akiishika kwa ncha za vidole.

"Sema kweli, mwenzangu. Wanatafuta nani?"

Swali hilo nililichukua nikarudi nalo Kasongo, kwa sababu jibu nililokuwa nalo ni moja: wananitafuta mimi. Wale watatu wa karibu na mjini nao wakajaza kama wenzao. Nikakusanya karatasi sita. Kwa macho yangu nilikuwa nimeona matajiri watatu. Kwenye karatasi nilikuwa na maskini sita.

Ya saba ilikaa kwangu siku nne. Nilipiga bei na nafsi yangu kama ninavyopiga na mwanamke wa mawese. Nikiandika alama za uongo, padri atazisoma na anajua. Nikiacha nafasi wazi, baba mkwe atauliza kwa nini padri amenyamaza kwenye jina la mukwe wake. Nisipokwenda, ndiyo mbaya zaidi. Nikizunguka vipi narudi pale pale: ukweli ulikuwa ndio bei ya chini. Nikaandika kazi yangu, mke wangu, watoto sita, mali duka moja. Kwenye swali la nne nikaandika: *Sikupata diploma. Nilifukuzwa kabla ya mtihani.* Nikaikunja, nikaiweka katikati ya zile nyingine, si juu na si chini.

Jumapili watu walijaa uwanja wa shule. Wenzangu walikuja wote isipokuwa karani, aliyesema hakupata ruhusa. Baba mkwe alikuwa amekaa mstari wa mbele, fimbo kati ya magoti, na ile picha ameishusha ukutani amekuja nayo. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yake. Nilimtazama padri mikono, si uso. Kwa mfanyabiashara mikono ndiyo inayosema.

Alisoma kwa kile Kiswahili chake cha kutafuna. Alipofika kwenye mtumbwi mmoja unaovuja, watu wa Nyangwe walianza kucheka chinichini. Kwenye mke mmoja na dada mmoja, kicheko kikatoka wazi, na mwenye masikio akainamisha kichwa. Kwenye neema ya Mungu mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Na neema inapiga gramafoni." Padri mwenyewe alikuwa anatabasamu. Nadhani alikuwa amekwisha kuelewa ni karatasi ya namna gani aliyotutengenezea.

Ndipo akafungua yangu. Alisoma duka moja. Watu wakacheka, kwa kuwa wanalijua duka lilivyojaa. Akafika swali la nne. Akasogeza miwani. Mimi nilihesabu mpaka sita. Kisha akasoma kama nilivyoandika, neno kwa neno.

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Baba mkwe alicheka kuliko wote, akaipiga ile picha kwa vidole, akawaonyesha majirani uso wangu: "Huyu hapa, muone, eti hana diploma! Mukwe wangu anamuogopa Leta kuliko wote." Mwenzangu wa Nyangwe akanipiga bega. "Sisi tulificha mitumbwi na wanawake," akasema, "weye ukaficha na shule. Nakuvulia kofia."

Sitaki kusema nilijua watacheka. Sitaki pia kusema sikujua.

Padri alikunja karatasi yangu. Akanitazama juu ya miwani, akasema polepole, "Vilikuwa kumi na vinane."

"Kumi na tisa, padri," nikajibu, kabla sijajizuia.

Watu wakacheka tena bila kujua wanachekea nini, kama kawaida ya watu waliokwisha kuanza. Padri akaniwekea mkono kichwani, mzito, akauondoa. Nilikuwa nimemshuku siku zote hizo, na hata pale sikuweza kujua kama alikuja kunifichua au kunipa nafasi ya kujifichua. Aliondoka mwezi ule ule, swali likaondoka naye.

Mke wangu hakucheka. Nililiona hilo kabla ya yote.

Tulirudi kwa miguu, yeye mbele, mimi nikisukuma baiskeli. Tulipopita soko akaniuliza bila kugeuka, "Baba wa watoto, kumi na tisa ni nini?"

"Sabuni."

Akatembea kidogo. "Wale wengine, mitumbwi yao watu wanaiona. Ghala zao watu wanaziona. Weye, ile karatasi ya shule iko wapi?"

"Haiko."

"Ilipotea?"

"Haikupata kuwako."

Akasimama. Akaniangalia vile anavyoangalia kitambaa kabla ya kukivuta kuona kama kinachanika. Nyuma yetu tulimsikia baba yake anakuja na majirani, bado anasimulia, bado anaonyesha picha.

"Baba asijue," akasema. "Ni muzee, na leo amecheka vizuri." Akaendelea na njia.

Hatukulizungumza tena, na picha ilirudi kwenye ukuta wa baba yake. Lakini tangu siku ile, kila nikimwambia mke wangu katika duka kuna madebe mangapi ya mafuta, ananisikiliza mpaka mwisho, anaitikia kwa adabu, halafu anakwenda kuhesabu mwenyewe.