Orodha ya Wasiokuwepo

Kazi yangu ni kuangalia akaunti. Nikiulizwa kijijini kwetu Buger nafanya nini mjini Karatu, najibu hivyo, na wazee wananiangalia kwa huruma. Shirika letu ni dogo, linashughulika na afya ya mifugo, na kila mfanyakazi ana akaunti kwenye mfumo wa ofisi wa mtandaoni: barua pepe, mafaili, fomu za ripoti. Mimi ndiye ninayefungua akaunti, ninayezifunga, na ninayepigiwa simu mtu akisahau neno lake la siri. Wafanyakazi wetu wa vijijini walikuwa wanasahau kila wiki, na hakuna aliyekuwa anajisikia vibaya kwa hilo isipokuwa mimi.

Kwa hiyo nikaufundisha mfumo ujiangalie wenyewe. Niliandika maelekezo kwa muda wa wiki mbili, nikayajaribu, nikayaacha yafanye kazi. Kila mwanzo wa mwezi, saa mbili asubuhi, mfumo unapitia akaunti zote na kutazama nani aliingia lini. Asiyeingia siku sitini anatumiwa barua ya onyo. Akifika siku tisini, akaunti inasimamishwa, na jina lake linakwenda kwa mkurugenzi na afisa utumishi kwenye orodha, safi, yenye rangi mbili, kijani kwa waliopo na kijivu kwa wasiokuwepo. Sikuwa nagusa kitu. Asubuhi hizo nilikuwa nakunywa chai yangu kwa raha, nikitazama magari ya watalii yakipita kuelekea geti la hifadhi, na nilijiona nina akili sana.

Barua ya onyo ilikuwa inakwenda kwenye barua pepe ya mtu asiyefungua barua pepe. Hilo nililiona baadaye kabisa, na nilipoliona sikucheka.

Sasa nieleze habari ya Kakesio. Kule, ndani ya hifadhi, tulikuwa na wahudumu wawili wa mifugo. Mmoja ni mama wa makamo, mjane. Mwingine ni mwanaume wa rika la marehemu mume wake. Niliwahi kwenda kuwafundisha kutumia fomu za kwenye simu. Mtandao haupo kijijini, unapatikana juu ya kilima, na siyo kila siku. Simu ya yule mama ilikuwa haikai na chaji. Ya mwenzake ilikuwa mpya. Tulipanda wote watatu, nikashika simu ya mama, nikamwingizia neno la siri kwa vidole vyangu, akaunti ikafunguka, akatabasamu. Kisha simu ikazima.

Nikawaambia, "Msijisumbue kupanda wote. Mmoja akipanda, atume ripoti za wote wawili."

Mwanaume akasema, "Hivyo ndivyo tunavyofanya siku zote. Anayekwenda mnadani ndiye anabeba ya boma zima."

Mama akakubali kwa kichwa. Ingekuwa ajabu akatae. Kwao hakuna haja ya watu wawili kwenda njia moja kupeleka jambo moja, wakati ng'ombe wanaumwa nyumbani. Tangu siku hiyo yeye alizunguka kwenye maboma, akaandika kwenye daftari, akampa mwenzake, na mwenzake akapanda kilima na kujaza fomu zote kwa akaunti yake mwenyewe. Mimi nilirudi Karatu, nikaoga kutoa vumbi, nikaanza kuandika yale maelekezo yangu.

Miezi minne baadaye, orodha ya kwanza yenye kijivu ikatoka, na jina la mama lilikuwamo. Wa kijivu walikuwa tisa. Afisa utumishi akaniandikia, "Huyu wa Kakesio vipi?" Nikamjibu, "Mfumo unaonyesha hajaingia."

Nilikumbuka kilima. Naomba ieleweke hivyo, sikusahau. Nilikumbuka kilima, na simu iliyozima, na maneno yangu mwenyewe, na bado nikaandika maneno matatu nikarudi kwenye mashine ya kuchapa iliyokuwa imemeza karatasi. Kueleza kungehitaji mistari minne. Sikuwa na chuki na mtu. Nilikuwa nimechoka tu kwa namna ambayo sijui ilianza lini, uchovu usiouma.

Mikataba ilikuwa inakaribia kwisha. Mkurugenzi alisaini barua tisa za kutokuhuisha mkataba akiwa amesimama, dereva anamsubiri nje. Akasema, "Asiyekuwepo na lake halipo." Tukacheka kidogo, kama tunavyocheka bosi akisema methali.

Mama alikuja Karatu baada ya wiki tatu. Alikuwa ametoka Kakesio kwa lori la mbuzi, akalala kwa ndugu, asubuhi akapata gari lingine lililopita ukingo wa kreta kwenye ukungu. Shuka lake lilikuwa bado na unyevu. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki wenye madaftari manne.

Nilimwamkia kwa Kimasai, mambo machache ninayoyajua, nikimwita mama. "Takwenya, yeyo."

"Iko," akaitikia, akaketi, kisha akaniuliza habari za mama yangu, mashamba, mvua, mimi mwenyewe. Nikajibu zote nzuri. Halafu akasema, "Mwanangu, nimeletewa barua kwamba sionekani kazini."

"Ndiyo, yeyo."

"Nionyeshe mahali ambapo sionekani."

Nikamgeuzia kompyuta. Jina lake lilikuwa pale, kijivu, na pembeni tarehe ya mara ya mwisho kuingia. Nilimsomea. Akafikiri, akihesabu miezi kwa mvua.

"Siku hiyo ni wewe ulishika simu yangu."

"Ni mimi."

"Ukasema nimpe mwenzangu."

"Nilisema."

"Basi waambie."

Hakupandisha sauti. Akafungua daftari moja kunionyesha. Mwandiko mkubwa wa shule ya watu wazima, tarehe, boma la nani, ng'ombe wangapi, ugonjwa wa ndigana kali, ndama amekufa, ndama amepona. Akasema kwamba zamani mwanamke hakuitwa kuangalia ng'ombe wa mwanaume mwingine. Sasa wanamwita. Wanaume wanatuma mtoto na kusema mwite yule mama wa sindano. Bila kazi, dawa hapewi, na bila dawa, alisema, "Watakuja mara moja, wataona mikono mitupu, hawatarudi."

Nikaamka nikaenda kwa mkurugenzi. Ofisi yake iko mwisho wa korido, hatua kama ishirini, na katika hatua zote hizo nilikuwa na sentensi tayari: mimi ndiye niliyewaambia wafanye hivyo. Ilikuwa sentensi fupi. Nikaingia, nikasema, "Mkurugenzi, Kakesio kuna changamoto ya mtandao."

"Mtandao upo," akasema bila kuinua macho. "Mbona mwenzake anaingia kila wiki? Ripoti zake ni nzuri kuliko za wote."

Ripoti zile nusu zilikuwa za mama. Nilikuwa nazijua hata kwa maneno yake, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa anaandika rangi ya kila ndama. Nikasema, "Sawa, mkurugenzi." Nikatoka.

Nilimwambia mama kwamba wamesema wataliangalia. Sote tunaojua ofisi za nchi hii tunajua maana yake, na yeye pia alijua. Alinitazama kwa muda, bila hasira, kama anavyomtazama mnyama anayesimama lakini halishi. Kisha akasukuma mfuko wa madaftari upande wangu wa meza.

"Yaweke humo," akasema, akionyesha kompyuta kwa kidevu. "Hata kama nimeondoka, nisiwe mtu ambaye hakuwepo."

Akanishika mkono akaondoka. Nilikwenda kula chapati na maharage. Nilitegemea chakula kigome kushuka, kama wanavyosema watu wenye dhamiri. Kilishuka vizuri. Nilingojea niumie mchana ule, na jioni, na kesho yake. Hakikuja kitu. Hilo lilinitisha kuliko kuumia, halafu nalo likapoa.

Nilichofanya nilikifanya kama mtu anayepasua kuni. Nilifungua upya akaunti yake, nikabadilisha neno la siri, nikaingia kwa jina lake. Kila siku baada ya chakula nilifungua daftari na kujaza fomu, boma kwa boma. Ng'ombe mwekundu mwenye nyota, ndigana kali, amepona. Mbuzi saba, mapafu, wawili wamekufa. Jike la kijivu, limezaa salama, mwenyewe ameshukuru. Nilijifunza mwandiko wake mpaka nikajua siku alizoandika akiwa amechoka. Sikumwambia mtu. Hakuna aliyeniuliza, kwa sababu mfumo wa kuuliza niliuandika mimi, na wenyewe huuliza jambo moja tu, kama mtu ameingia.

Mwanzo wa mwezi, saa mbili asubuhi, orodha ikatoka. Jina lake lilikuwa kijani.

Jumatatu tulikuwa kwenye kikao. Afisa utumishi alikuwa likizo ya uzazi. Mkurugenzi aliinua karatasi, akapitisha kidole juu ya majina, akasimama kwenye la mama. Alikuwa amesaini barua ile akiwa anawahi gari. Hakuikumbuka.

"Mnaona?" akasema. "Hata Kakesio wameamka. Huyu mama alikuwa hapatikani kabisa, sasa angalieni, anatuma kila siku. Watu ukiwabana kidogo wanafanya kazi." Akanigeukia. "Mfumo wako huu ni mzuri. Mwandikie barua ya pongezi, useme imetoka kwangu."

Wote wakanitazama, wakinifurahia. Mdomo wangu ulifunguka. Kilima kilikuwa pale, na mfuko wa plastiki chini ya meza yangu, na ile sentensi fupi ambayo nilikuwa bado sijaitumia.

Nikasema, "Sawa, mkurugenzi."

Niliiandika kabla ya saa sita. Tunatambua juhudi zako, tunajivunia kuwa nawe. Nikaituma kwenye akaunti yake. Kisha nikatoka kwenye akaunti yangu, nikaingia kwenye ya kwake, nikaikuta juu kabisa, haijasomwa, chini yake barua za onyo. Nikaifungua na kuisoma mpaka mwisho, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuisoma.