Kasisi Aliyekataa Kufungua Kanisa Lake

Habari ya kifo chake ilinikuta mpakani Kasumbalesa, katikati ya foleni ya malori. Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba viongozi wa dini huwa siwahurumii. Huyu alikuwa kasisi wa Kianglikana Jumapili, na Jumatatu profesa wa jiolojia katika chuo kikuu hapa Lubumbashi. Alitufundisha kwamba malakiti, jiwe la kijani lenye shaba tunalolikanyaga, ni kongwe kuliko hesabu yoyote ya ukoo wa Adamu.

Maneno hayo yalifika kanisani. Baada ya ibada moja, wazee wa baraza walimsimamisha mbele ya waumini, nami nilikuwepo, nikitaka kuona atakavyojitetea. Mzee mmoja, mchimbaji mstaafu wa migodi ya Kambove, alisema: "Pasta, chagula. Majiwe ao Neno." Kasisi alimgeukia. "Papa, byote bibili, majiwe na Neno, ninabiamini. Namna binapatana, sijue bado. Lakini siwezi kudanganya batoto kule ku chuo, nikuje kudanganya ninyi hapa." Walimnyang'anya mimbari siku ile ile.

Mji huu tunaujua. Mchungaji akigombana na wazee wake, mwezi haupiti kabla hajakodi ukumbi, akanunua vipaza sauti na kuondoka na nusu ya waumini. Sisi wanafunzi tulimsukuma afanye hivyo. "Prof, achana nabo. Fungua yako, tutakuja kuimba," alisema mwenzangu mmoja. "Weye na sauti ile? Litafungwa mbele ya sadaka kupita," kasisi akacheka. Kisha akasema taratibu: "Mule mu kanisa langu, nani atanikatalia?" Jumapili iliyofuata alikaa benchi la nyuma, akaimba pamoja na waliomhukumu. Aliendelea kukaa pale hadi ugonjwa ulipomlaza. Mimbari hakurudishiwa.

Mpaka leo simwamini Mungu wake. Ila juzi kwenye kilio nilimkuta yule mzee wa Kambove kando ya jeneza, hataki kuondoka. "Kila Jumapili alikuwa ananingojea ku mulango, tubishane," aliniambia. "Hatukumaliza." Sisi tunaopenda kuhoji kila kitu huona ujasiri ni kuondoka huku tukibamiza mlango. Kwake nimejifunza kwamba swali zito humtaka mtu akae karibu na wasiokubaliana naye, hata bila cheo, hata kama jibu halitafika akiwa hai.