Niliandika kuwa dada yangu amepata nafuu

Jina langu lifichwe, na wajukuu wanaopita hapa wasiniulize hospitali gani. Nina miaka themanini na tano, Mpemba, mjane. Hivi sasa ninalelewa na mtoto wa marehemu dada yangu, nimwite Asha, mwanamke wa zaidi ya miaka sitini. Ndiye anayenipikia na kunifulia. Habari yangu inamhusu yeye, na yeye haijui.

Miaka ya mwisho ya Mwingereza, kabla ya Mapinduzi, nilikuwa karani wa hospitali moja huku Pemba. Nilikuwa kijana niliyemaliza shule, nina hati nzuri ya mkono, naomba Mungu niajiriwe kwa kudumu. Kazi yangu ilikuwa kitabu cha wagonjwa: nani kaingia, anaumwa nini, katoka vipi. Mwisho wa mstari nikiandika moja kati ya mawili, ana nafuu au amefariki.

Tukaambiwa anakuja mkubwa kutoka Unguja kupima hospitali zote za kisiwani, ajue ipi inatibu vizuri. Dakta wetu akaniita. Akasema, "Atakachotazama ni kitabu chako. Wakiwa wengi waliokufa, tutaambiwa hatujui kazi, na dawa zitapelekwa kwengine." Tangu siku hiyo, mgonjwa aliyeonekana haponi jamaa zake waliambiwa wamchukue, nami nikiandika ana nafuu. Walikwenda kufia kwao, na kwetu hakufa mtu. Nilijua. Niliendelea kuandika, maana dakta alishaniahidi barua ya kazi.

Wiki moja kabla ya mgeni kufika, akaletwa dada yangu kutoka kisiwa cha Kojani. Alikuwa ana siku tisa tangu ajifungue Asha, na homa ya uzazi imemkamata. Dada huyu ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Walimchoma sindano siku tatu, homa haikushuka. Siku ya nne dakta akanambia kwa upole, "Huyu hafiki Ijumaa. Mwandikie atoke."

Nilimwomba. Nikamwambia huyu ni dada yangu, tumbo moja. Akanijibu, "Wale wengine hawakuwa dada za watu?"

Nikaandika. Dada alikuwa anatazama mkono wangu, yeye hakusoma isipokuwa Kurani. Akasema, "Wananambia nimepona. Miye najiona naungua. Weye ndiye unayejua kusoma, hebu nambie, nimepona kweli?"

Nikamwambia, "Umepona, dada. Nenda kalee mwanao."

Akanishukuru. Shemeji yangu Hamadi, mumewe, alimbeba mpaka kwenye gari, kisha pwani akampakia mtumbwini. Hawakufika Kojani. Dada alikata roho katikati ya maji, mtoto yuko mapajani mwa baba yake.

Yule mkubwa alikuja. Alihesabu vitanda, akapitisha kidole dirishani kutazama vumbi, akafungua kitabu changu akakisifu kwa usafi. Hakumuuliza mgonjwa hata mmoja, wewe unatibiwaje. Hospitali yetu ikasemwa ni ya mfano, na mimi nikapata barua yangu ya kazi.

Baada ya matanga ukoo ulikaa. Walitaka kujua mtu aliyetoka hospitali na nafuu amekufaje njiani. Hamadi akasema, "Alikuwa anawaka moto tangu kitandani. Nyie mlimuona?" Ami yangu akanigeukia, "Weye unafanya kazi pale. Alitoka vipi?"

Nilijibu, "Kitabu kinasema alitoka ana nafuu."

Basi. Hamadi akaambiwa amemuua mkewe kwa uzembe, kamuanika juani na hakumpa maji. Wengine walinong'ona mabaya zaidi. Akanyang'anywa mtoto. Kila Idi alikuja na kanga ya mwanawe, na mama yangu akimrudishia mlangoni. Nilikuwa nimekaa ndani, nasikia.

Asha alikua akiamini hivyo. Baba yake alifariki mwaka jana na yeye hakwenda kuzika. Mwezi uliopita walikuja ndugu zake wa kwa baba, watoto wa mke wa pili, wakamwomba wapatane. Wamesema mzee wao mpaka anakufa alikuwa akiapa kuwa hakumdhuru mama yake. Asha akawajibu kwa utulivu, "Mama yangu alitoka hospitali mzima. Mjomba wangu aliandika kwa mkono wake. Muulizeni, yumo ndani." Hawakuniuliza. Walinionea haya kwa uzee wangu, wakaaga wakaondoka.

Tangu siku ile chakula anachonipikia nakirudisha nusu. Ananiuliza, "Mjomba, unaumwa?" Namwambia ni uzee.

Nikimwambia, atajua kuwa amemchukia baba asiye na kosa maisha yake yote, na hawezi tena kumtaka radhi. Nami nitabaki sina wa kunipa maji, jambo ambalo nalistahili. Nikinyamaza, Hamadi ataendelea kuwa muuaji hata kaburini, na wale watoto wake watarudi tena na kufukuzwa tena.

Nyie mlio na akili timamu na moyo ambao haujaoza kama wangu, nambieni. Nimwite leo nimwambie, au nimwache na baba mbaya na mjomba mwema?