Mkanda Uliobana Kiti Kitupu

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, Kihesa mjini Iringa. Ukungu bado umeshika na gari jeupe la maharusi limeegeshwa nje ya nyumba ya familia ya bibi harusi. Severina Kalinga amepiga magoti mbele yake, kitambaa kibichi mkononi, anasugua pua ya gari pale penye nembo. Anasugua, anapulizia pumzi, anasugua tena.

Maua yake ya plastiki yamo kwenye beseni. Mengine anayafunga kwenye vitasa vya milango, mengine juu ya buti, pamoja na utepe wa rangi ya maziwa. Mbele haweki kitu.

Mama mmoja wa upande wa bwana harusi anatoka kukagua, kitenge kipya kikimsimama kama kadibodi. Hajapendezwa.

"Kamwene, dada. Na mbele je? Mbona mmeiacha uchi?"

"Kamwene. Mbele siweki, mama."

"Sasa harusi gani hiyo gari haina shada? Watu watasema tumekodi teksi."

"Wacha waseme, mama. Cha msingi mfike."

Mama ananuna na kurudi ndani. Severina, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, amezoea kununiwa. Wapambaji wenzake wanaweka mashada makubwa mbele, na picha zinatoka nzuri kweli, hilo halikatai.

"Zamani mwezi wa tisa Jumamosi moja napamba gari tatu, nne. Sasa nikipata moja nashukuru. Na hiyo moja watanipunguzia elfu ishirini kwa sababu ya shada ambalo sikuweka," anasema, kisha anacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

Sababu ya ukaidi huu ni mtoto wa kaka yake, Devota.

Kaka huyo, Joachim, alifariki Devota akiwa darasa la tano. Severina ndiye aliyemsomesha binti hadi chuo cha ualimu, kwa cherehani na kwa maua haya haya. Na katika ukoo wao, kama ilivyo kwa wengi Uheheni, shangazi ndiye humvika bibi harusi siku yake. Kwa hiyo Septemba ya mwaka juzi, Devota alipokuwa anaolewa na Ambrosi, mkulima wa miti wa Nyololo, Severina alikuwa na kazi mbili: kumvika bibi harusi na kupamba gari lake.

Gari lenyewe halikuwa la mchezo. Ambrosi alilikodi Mbeya kwa mfanyabiashara mmoja: jeusi, la kifahari, refu, viti vya ngozi, injini ambayo ukiikanyaga kidogo tu mgongo unagandana na kiti. Lilipoingia Tanangozi, nyumbani kwa kina Kalinga, watoto waliliacha soka lao uwanjani.

"Nilijiambia, gari hii lazima niitendee haki," anasema Severina. "Nikatengeneza shada kubwa kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Nikalifunga pale mbele juu ya nembo, nikazungushia utepe na selotepu, lisitikisike hata kwa upepo."

Dereva, Gerson, anakumbuka kwamba walipoondoka tu, dashibodi iliwaka maandishi ya njano. Aliyasoma nusu nusu: kuna kitu mbele kimezibwa. Akabonyeza kitufe, maandishi yakaondoka.

"Nani atasimamisha msafara wa harusi akavue maua?" anauliza Gerson, na swali lake si la utani. "Shangazi mtu yuko kiti cha nyuma, matarumbeta yako mbele yanalia. Nikasema ni mambo ya magari ya kisasa tu, yanalalamika kwa kila kitu."

Gari lililalamika tena, na safari hii aliyelinyamazisha alikuwa Severina mwenyewe.

Devota alipoingia kiti cha nyuma alijifunga mkanda. Hakuna aliyemwambia. Ni binti wa namna hiyo, mwenye kufuata taratibu. Shangazi yake, aliyekaa pembeni kama msimamizi, aliuona mkanda ule ukipita juu ya marinda ya kifuani aliyoyashona kwa wiki nzima na kuyapiga pasi alfajiri ile.

"Nikamwambia, mwanangu, utafika kanisani kifua kimekunjamana kama karatasi. Akasema, 'Shangazi, acha tu.' Mimi nikaufungua. Mkono wangu huu."

Gari likaanza kulia ding, ding, ding. Basi Severina akafanya ambacho wengi wetu tumekifanya au tumekiona kikifanywa, tukacheka. Akaupitisha mkanda nyuma ya mgongo wa Devota na kuuchomeka kwenye kifungio chake. Mlio ukakoma. Na ili Devota asijione yuko peke yake, Severina akafanya vivyo hivyo na wake.

Sisi na harusi zetu tuna mambo. Msafara ulikuwa unakaribia Ipogolo, bondeni kabla ya kupanda mjini, wakati mpiga video aliyesimama nyuma ya pikapu ya matarumbeta alipoonyesha ishara kwa mkono: rudini nyuma, halafu mje kwa kasi, nipate picha. Kila harusi ina mpiga video wa namna hiyo. Gerson akapunguza mwendo, pikapu ikatangulia mbali. Kisha akakanyaga mafuta.

"Gari ile haina subira," anasema. "Ukiigusa imeshafika."

Mbele, lori la mbao likaingia barabarani kutoka kwenye njia ya vumbi. Pikapu ikafunga breki. Gerson alikuwa anamtazama mpiga video na kutabasamu, kwa sababu aliambiwa atabasamu. Alipoiona pikapu ilikuwa imeshamjaa kwenye kioo.

Wapiga matarumbeta walitoka na michubuko. Gerson alipokelewa na mfuko wa hewa, akatoka na damu ya pua. Severina alivunjika mkono wa kushoto. Devota alirushwa kwenye kiti cha mbele. Nyonga yake ilivunjika, na goti la kulia halikurudi tena kuwa goti. Gauni ilibidi likatwe kwa mkasi, marinda na yote.

Severina aliambiwa na kila mtu kwamba ajali haina kinga, amshukuru Mungu. Kwa miezi kadhaa aliyaamini maneno hayo, au alijitahidi kuyaamini. Devota hakumwambia neno baya. Alikuwa anamsalimia, "Shikamoo shangazi," kisha anageukia ukutani.

Siku alipotolewa plasta, Severina alipanda basi hadi Mbalizi, nje kidogo ya jiji la Mbeya, kwenye gereji ambako mabaki ya gari yalikuwa yamehifadhiwa. Hajui alikuwa anafuata nini. "Nilitaka tu kuiona," anasema.

Fundi wa gereji hiyo, Rabson Mwakalobo, anamkumbuka mama aliyefika na kapu la parachichi kama anakwenda kumtazama mgonjwa. Shada lilikuwa bado mbele ya gari, limebanwa na vyuma, utepe wake umekuwa na rangi ya vumbi.

"Nikamweleza vile ilivyo, sikujua ni nani," anasema Rabson. "Nikamwambia, mama, gari hii ina jicho hapa nyuma ya nembo. Ya mbele ikisimama ghafla na dereva amelala, hii inapiga kelele, inakanyaga breki yenyewe. Pengine ingegonga, lakini ingegonga kidogo. Sasa hawa walioifunga maua usoni, ingeonaje?"

Severina aliomba kuona kiti cha nyuma. Rabson akamfungulia mlango.

Mkanda wa upande wa Devota ulikuwa bado umechomekwa. Fundi akamweleza kwamba katika gari kama lile, likigonga, mkanda hujivuta wenyewe kwa nguvu ili umshikilie mtu asitoke kitini. Ulikuwa umefanya kazi yake. Ulikuwa umejikaza kweli kweli, umezama kwenye ngozi ya kiti, na hakukuwa na mtu ndani yake.

"Nikaushika. Nikajaribu kupitisha vidole, havipiti," anasema Severina. Anakunja utepe uliobaki, anaukunjua. "Gari ilimtafuta mwanangu imshike. Mimi nilikuwa nimeshamtoa."

Rabson anasema mama yule aliketi chini pale pale kwenye mafuta machafu na kulia hadi mafundi wakaacha kazi. Parachichi aliwaachia.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa Devota na kumwambia yote, la shada na la mkanda. Devota alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema la mkanda alikuwa analijua tangu siku ile, kwa sababu alikuwepo.

Ndoa ilifungwa mwaka jana, siku ya Jumatano, Nyololo, misa ya asubuhi. Hapakuwa na msafara wala matarumbeta. Bibi harusi alikwenda kanisani kwa fimbo, amevaa gauni la kawaida la bluu. Severina alipewa taarifa na kukaribishwa kama mgeni. Hakuitwa kumvika. Aliyemvika ni dada wa Ambrosi.

"Nilikaa benchi la katikati," anasema. "Nilipiga vigelegele kama wengine. Lakini shangazi kukaa benchi la katikati, wewe unajua maana yake."

Tangu hapo hafungi maua mbele ya gari lolote, liwe na jicho au lisiwe nalo. Bibi harusi asiyefunga mkanda hamsindikizi, na kwa jambo hilo harudi nyuma hata akiahidiwa nini. Ameanza kushona marinda mapya yanayoanzia chini ya kiuno, ili mkanda usiwe na cha kuharibu. Wateja wachache wameyapenda. Wengi wanamwona mama mgumu.

Mwezi wa nne Devota alijifungua mtoto wa kiume, akampa jina la babu yake, Joachim. Severina alimwona siku ya arobaini, akamshika kidogo, akamrudisha kwa mama yake kabla hajaombwa.

Kisha, wiki tatu zilizopita, simu iliita akiwa sokoni. Ubatizo utafanyika Iringa mjini, Jumapili ya kwanza ya Desemba, na familia itatoka Nyololo kwa gari la Ambrosi. Devota alikuwa anaulizia kiti cha mtoto cha kwenye gari. Alisikia vinapatikana mitumba Iringa.

Severina alikinunua siku hiyo hiyo. Kiko sebuleni kwake, cha kijivu, kimefuliwa mara mbili, hakina ua hata moja. Ndani yake amelaza kiroba cha sembe cha kilo tano. Alimwalika fundi wa mtaani amwonyeshe jinsi mkanda unavyopita, na tangu hapo kila jioni anakifunga kiroba, anavuta, anapitisha vidole, anafungua, anaanza upya.

Nyumbani kwake, mwandishi anamuuliza kwa nini ajisumbue wakati baba wa mtoto ni dereva mzuri na anaweza kukifunga mwenyewe.

Severina anajibu bila kuinua macho kutoka kwenye kiroba. "Na mimi nilimwambia hivyo hivyo kwenye simu. Nikamwambia, mwanangu, nitawatumia kiti na basi la asubuhi, Ambrosi atakifunga."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Hapana, shangazi. Njoo nacho wewe. Joachim utamfunga wewe.'"

Anavuta mkanda, anajaribu kupitisha vidole kati yake na kiroba, anatikisa kichwa. Anaufungua na kuanza tena.